Taulo za Simsim

Nianze na ngozi yangu, maana ujinga wangu wote ulianzia hapo.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikulia mahali ambapo mwili hauhitaji kukumbushwa kutoa jasho, na miaka kumi na tisa niliyokaa Minnesota haijaifundisha ngozi yangu lolote. Kila ufikapo mwezi wa kumi, majani yakianza kupukutika na mtambo wa joto ukianza kunguruma ndani ya kuta za jengo letu kule Burnsville, visigino vyangu hupasuka, midomo hubanduka, na nikigusa kitasa cha mlango napigwa shoti. Kwetu vuli ni mvua. Huku ni ukavu mtupu, na usingizi nao hunikimbia mpaka theluji ianguke.

Nafanya kazi Inver Grove Heights, kwenye nyumba ya kulelea wazee waliopoteza kumbukumbu. Nawaogesha, nawalisha, nawavalisha, na kutwa nzima nawakumbusha mambo: leo Jumanne, hapana hujachelewa kazini, ndiyo, umeshakula. Kazi hiyo ina sauti yake. Unasema polepole, kwa upole, bila chembe ya shaka, na mzee akibisha hubishani naye, unarudia yale yale kwa sauti ile ile mpaka atulie. Mimi ni hodari wa sauti hiyo. Wenzangu wakishindwa na mzee huja kuniita.

Mmoja wa wenzangu hao ni mama wa Kihindi, Mgujarati, anayewanyoosha wazee viungo. Msimu uliopita aliniona nimesimama kwenye korido najikuna mkono kwa funguo za gari. Akacheka, akaniambia nimejaa upepo. Akanieleza habari za Ayurveda, tiba ya wazee wao: kwamba kila majira yana tabia yake na mwili huifuata. Majira ya majani kupukutika ni ya upepo, makavu, ya baridi, yasiyotulia, na mtu asipojiangalia naye huwa mkavu, baridi, asiyetulia. Dawa yake ni kwenda kinyume. Uamke saa ile ile kila siku. Ule chakula cha moto kilicholainika, chenye samli na tangawizi. Uache saladi na barafu. Ulale mapema. Na kila alfajiri ujipake mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, kuanzia utosini mpaka nyayoni, ungoje dakika ishirini, ndipo uoge.

Mimi nikishika jambo hulishika kwa meno. Wiki ile ile nilinunua simsim ya kukamua, chupa tatu, na boga la kunitosha siku nne. Nikaanza kupika mchele na dengu mpaka vikavurugika. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa bafuni, mafuta yanachuruzika mgongoni, natazama saa. Na kusema kweli yalinifaa. Visigino viliziba. Nililala kama nilivyokuwa sijalala tangu nifike nchi hii. Nikawa napita kazini nikiwahubiria wenzangu habari za upepo, mpaka yule mama wa Kihindi mwenyewe akanichoka.

Mama yangu alikuwa kwangu wakati huo. Alikuja mwisho wa mwezi wa nane, kwa viza ya matembezi, akae nami miezi sita. Ana miaka sabini na nne, mjane, mtu wa maneno machache na macho makali. Asubuhi ya kwanza aliponikuta nang'aa bafuni alisimama mlangoni akaniangalia juu mpaka chini.

"Haya si yale n'lokuwa nikikupaka ulipokuwa na siku arubaini?" akaniuliza. "Sasa wataka Mhindi ndiye akufundishe?"

Tukacheka sote wawili. Jioni alikuwa akitaka nimhadithie wazee wangu wa kazini, nani kamwita nani mama yake, nani kaficha viatu kwenye friji. Alisikiliza kwa makini, hakucheka hata pale mimi nilipocheka. Nilijua kwa nini. Bibi, yaani mama yake, alimaliza umri wake hajui aliko. Alikuwa akiteleka maji akasahau, sufuria ikaungua, mara mbili nusura nyumba iende. Mama alimlea miaka sita. Kila nilipomaliza hadithi zangu alisema jambo moja tu, "Mola aniepushe na hayo," kisha akabadili mazungumzo.

Mama ana mazoea yake, na moja ni udi. Kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri hufukiza nguo zake za Ijumaa. Wiki yake ya kwanza kwangu aliwasha makaa juu ya jiko, akayatia kwenye chetezo, na king'ora cha moshi kikalia mpaka jengo zima likatoka nje. Meneja wa jengo akanipa barua ya onyo. Nikamnunulia Mama chetezo cha umeme, cha kuchomeka ukutani. Alikidharau, akakiita mwanasesere, lakini alikitumia. Kilikaa juu ya meza ndogo koridoni, kando ya kabati la ukutani ninamoweka mashuka na taulo.

Sasa nieleze habari za taulo. Nilikuwa nimetenga taulo sita za zamani kwa ajili ya mafuta: ya kukalia, ya kufutia, ya kukanyagia, na kadhalika. Kila Alhamisi, ambayo ndiyo siku yangu ya mapumziko, nilizifua. Lakini simsim haitoki kirahisi. Kila wiki zilizidi kuwa nzito, na zilikuwa na harufu ya karai la juzi. Mama alizinusa mara moja akakunja uso.

"Zanuka mafuta yalochacha hizi. Zianike juani."

Nikamwambia jengo letu haliruhusu kuanika nguo kwenye baraza, linasema inaharibu sura. Nikamwambia pia kwamba huku tuna mashine ya kukaushia, hatuhitaji jua. Nilisema kwa madaha kidogo, kama mtu aliyefika mbele. Nikawa naitia mashine kwenye joto la mwisho kabisa, nikiamini moto utaiua ile harufu. Zikitoka nazikunja zikiwa bado zinachoma vidole, moja juu ya nyingine, nazikandamiza kwa kiganja zikae sawa, nazisukuma ndani kabisa ya kabati na kufunga mlango. Nilipenda kuzikunja zikiwa na moto. Niliona huo nao ni sehemu ya utaratibu wangu.

Alhamisi ya moto nilifua asubuhi, nikakunja, nikaenda dukani. Saa tisa alasiri nilikuwa jikoni namenya boga. Mama alipita nyuma yangu, akaingia bafuni kutia udhu. Nikasikia maji. Kisha king'ora kikalia.

Jambo la kwanza nililofanya ni kukasirika. Nakumbuka vizuri, nilisema kimoyomoyo, haya, kesharudi kwenye udi wake. Nikatoka jikoni na kisu mkononi. Moshi ulikuwa ukitoka chini ya mlango wa kabati, mzito, wa rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake amesimama Mama, katoka bafuni, mikono inachuruzika maji mpaka kwenye viwiko, maji yanadondoka kidevuni. Kando yake, hatua mbili, meza ndogo na kile chetezo.

Nilikiona chetezo. Sikuona kitu kingine.

Nikafungua kabati, na ule ulikuwa upumbavu, kwa sababu moto ulikuwa ukingoja hewa. Ulipanda ukagusa dari mbele ya macho yangu. Nilibaki nimesimama mdomo wazi. Sijui ningesimama muda gani. Mama ndiye aliyeusukuma mlango ukafunga kwa mguu wake, akanishika mkono, akanivuta nje ya nyumba. Mama wa miaka sabini na nne, miguu mitupu, ndiye aliyenitoa mimi.

Kwenye maegesho ya magari palikuwa na baridi na upepo. Watu wa ghorofa zote tatu walikuwa wamesimama na mablanketi na paka zao. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama Mkongo kutoka Bukavu ambaye tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili chetu tofauti, alivua koti lake akamvika Mama, kisha akavua na viatu vyake akamvisha. Wazimamoto hawakukawia. Kabati liliteketea, ukuta wa korido na dari vikawa vyeusi, zulia likaharibika kwa maji. Hakuna aliyeumia.

Akaja mkaguzi wa moto na daftari lake. Meneja wa jengo akasimama nyuma yake, mikono kifuani. Mkaguzi aliuliza kama kuna anayevuta sigara, kama kuna mishumaa. Kisha akauliza kile chombo cha umeme kilicho juu ya meza ni cha nini. Nikamweleza. Akamgeukia Mama, kwa adabu kabisa, akamuuliza yeye mwenyewe: je, leo alikiwasha? Mama hajui Kiingereza. Akanitazama nimfasirie, nikamfasiria.

"Mwambie sijawasha," Mama akasema. "Hata Alasiri sijasali. N'likuwa msalani natia udhu."

Nikamgeukia mkaguzi. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba anasema alikiwasha akasahau, kwamba ni mzee, na kwamba anaomba msamaha.

Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa na nia gani, na sikumbuki kama nilikuwa na nia yoyote. Nilikuwa na uhakika tu. Nilidhani Mama anakana kwa hofu, na kukana kutatuponza mbele ya meneja, na ni afadhali kukiri na kuomba radhi yaishe. Kule koridoni mikono yake ilikuwa ikichuruzika maji. Niliyaona. Lile neno la kuomba radhi kwa Kiingereza Mama analijua, ni miongoni mwa machache anayoyajua. Alipolisikia aligeuka akaniangalia. Mkaguzi aliandika. Mama Mkongo, aliyekuwa amesimama karibu yetu kwa soksi tu juu ya lami, naye aliniangalia.

Tukaingia garini tupate joto. Mama akafunga mkanda, akanigeukia.

"Kwani umemwambiaje yule?"

"Nimemwambia uliwasha udi ukasahau, Mama."

"Sikuwasha."

Hapo ndipo nilipotoa sauti yangu ya kazini. Nilishusha pumzi, nikamshika mkono, nikaongea polepole. "Mama, leo ni Alhamisi. Kila Alhamisi unawasha. Uliwasha, kisha ukaenda kutia udhu. Umesahau. Si kitu. Hakuna aliyekasirika."

"Mie sikumbuki kuwasha."

"Ndiyo, Mama. Hukumbuki. Uliwasha."

Akaangalia dirishani, na hakubisha tena. Nikaona nimefanikiwa, kama ninavyofanikiwa kazini kila siku.

Meneja alisema mimi naweza kuhamia nyumba nyingine tupu ndani ya jengo lile lile, lakini mgeni wangu hawezi kulala tena pale. Nikampigia simu kaka yangu anayekaa Maple Grove. Alikuja na mkewe kabla ya Magharibi.

"Dada, Mama akae kwetu mpaka tu-change tiketi yake," akaniambia pembeni. "Arudi tu kwa dada zetu Mombasa. Winter yenyewe inakuja. Lakini uko sure ni yeye?"

"Niko sure."

"Maana Mama si mtu wa kusahau."

"Wote si watu wa kusahau mpaka wanapoanza," nikamjibu. Nilijiona mjuzi.

Mama aliingia gari la kaka bila kunung'unika. Hakuchukua chetezo, kwa sababu mkaguzi alikuwa amekichukua. Aliniambia tu nikumbuke kula.

Wiki mbili zilizofuata niliendelea na utaratibu wangu. Naona haya kuandika hivi lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijiambia kwamba baada ya msukosuko ule ndipo hasa mwili unapohitaji utulivu. Nikanunua taulo mpya sita, chupa mpya ya simsim. Nilikuwa nampigia Mama kila jioni, ananijibu kwamba yu mzima, yuko salama, chakula anakula. Siku moja nilikutana na mama Mkongo kwenye visanduku vya barua. Hakunisalimia kwanza kama kawaida yake.

"Dada, siku ya moto uliambia yule monsieur wa daftari nini? Maana mama yako alisema hakuwasha. Mimi nilisikia na masikio yangu."

"Mama siku hizi anasahau," nikamwambia.

"Ah bon," akasema kwa Kifaransa, kama asiyeamini, akachukua barua zake, akapanda ngazi.

Simu ya mkaguzi ilikuja Alhamisi saa tatu asubuhi; siku hiyo nilikuwa nimeanza kwa kufua, mafuta yakachelewa. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa bafu, mwili mzima una mafuta, zimebaki dakika kumi na mbili. Niliibonyeza kwa kifundo cha kidole ili isiteleze. Akajitambulisha, akauliza kama nina nafasi, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: je, mle kabatini mlikuwa na vitambaa vyenye mafuta? Ya kupikia, au ya kujipaka?

Nikamwambia zilikuwepo taulo, lakini nilikuwa nimezifua.

Akauliza kama nilizikausha kwa mashine. Nikasema ndiyo. Kwa joto la juu? Ndiyo. Nikazikunja zikiwa bado na moto, moja juu ya nyingine? Nikasema ndiyo.

Akanieleza taratibu, wala hakuwa mkali. Mafuta ya mimea hayatoki yote kwenye kitambaa kwa kufuliwa mara moja. Yakipata joto la mashine yanaanza kujipasha yenyewe, na kitambaa kikikunjwa na kubanwa mahali pasipo na hewa lile joto halina pa kutokea, linazidi na kuzidi kwa saa kadhaa mpaka taulo za katikati zinashika moto. Akasema chimbuko la moto lilikuwa pale pale, ndani ya rundo, kwenye rafu. Halafu akasema, kama mtu anayemalizia tu jambo, kwamba kile chetezo kilikuwa na vipande vya udi vizima, havijaguswa, na waya wake haukuwa umechomekwa ukutani. Kwa hiyo ile kauli ya mama yako, akasema, hailingani na tulichokikuta. Labda alichanganyikiwa.

Nikasema labda.

Hata hapo nilisema labda. Nilikata simu, nikabaki nimeketi, mafuta yananidondoka viwikoni, na mbele yangu, juu ya kiti, zile taulo mpya sita nilizozikausha na kuzikunja saa moja iliyopita. Niliweka kiganja juu ya rundo. Kisha nikakiingiza katikati. Katikati palikuwa na moto kuliko juu. Nilipiga kelele nikiwa peke yangu bafuni. Nikazitupa zote ndani ya bafu nikafungulia maji ya baridi, na kilichonishtua zaidi hakikuwa taulo. Ni kwamba kwa wiki mbili nzima nilikuwa nimeiona mikono ya Mama, ikichuruzika maji ya udhu, na nikaamua kutoiona.

Niliendesha mpaka Maple Grove bila kuoga, mafuta yameganda chini ya sweta. Njiani nilimpigia yule mama wa Kihindi kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwao taulo hizo huchemshwa na magadi na kutandazwa nje, na zikizeeka hutupwa. "Mashine?" akaniuliza. "Ulizitia kwenye mashine?" Haikumpitia akilini kunionya, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba mtu angefanya hivyo.

Kaka alikuwa kazini. Mkewe alinifungulia mlango, na kabla hata sijavua viatu akanivuta pembeni, uso wake una wasiwasi.

"Wifi, afadhali umekuja. Wewe ndiye mwenye kazi hizi, unajua," akasema kwa sauti ya chini. "Mama hapiki tena. Akitaka chai ananiita niwashe jiko mimi, halafu nizime mimi, halafu ananiita tena niangalie kama nimezima. Jana ameniita mara nne. Na ona leso yake."

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, mgongo umenyooka, mikono magotini. Nilimwamkia, nikambusu mkono. Pembe ya leso yake ilikuwa na fundo moja, dogo, limekazwa sana.

"Fundo la nini, Mama?"

"La Alfajiri," akasema. "Nikisali nafunga moja. Yakifika matano najua siku nimeimaliza. Usiku nayafungua." Aliongea kwa utulivu, kama anayenieleza namna ya kupika kitu. "Kwa sababu siku ile, mwanangu, mie n'likuwa nina yakini sikuwasha. N'likuwa tayari kuapa. Na wewe, kazi yako ni hii, wawajua watu wa namna hii, ukanambia niliwasha. Nikasema basi. Nikasema ndivyo ilivyomwanza mama yangu, naye alikuwa akiapa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Njia nzima nilikuwa nimepanga namna ya kupokea hasira yake. Haikunijia hata mara moja kwamba angeniamini.

Nikapiga magoti juu ya zulia. Nikamwambia yote: taulo, mashine, rundo, simu ya mkaguzi, udi mzima usioguswa, waya ambao haukuchomekwa. Nikamwambia hakuwasha. Nikamwambia hakusahau kitu chochote, kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu na mimi ndiye niliyekuwa sina. Nikalia, na ninaposema nililia sisemi machozi mawili matatu.

Mama hakulia. Aliniuliza jambo moja.

"Kwa hivyo akili zangu zi sawa?"

"Ziko sawa, Mama."

"Sikuwasha."

"Hukuwasha."

Akashusha pumzi, pumzi ndefu, mabega yake yakalegea, na hapo ndipo nilipoona alivyokuwa amekonda. Akaishika ile pembe ya leso, akahangaika na lile fundo kwa kucha mpaka likafunguka, akakinyoosha kitambaa kwenye goti lake. Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe. Alisema upesi, kama mtu anayetaka kupita aende kwenye jambo lenyewe.

"Na yule mwenye daftari? Na yule meneja? Wao wajua?"

"Hawajui kwamba nilibadili maneno yako," nikamwambia.

"Basi nivike koti," akasema Mama.

Tulifika Burnsville baada ya Adhuhuri. Mama hakutaka twende moja kwa moja ofisini. Alipanda ngazi kwa mwendo wake, akapiga hodi mlango wa pili, na mama Mkongo alipofungua akamwambia, "Dada yangu, wajua Kiingereza?" Akajibiwa anakijua kiasi, cha kutosha. "Basi nisindikize hapo chini kidogo."

Meneja alikuwa mezani. Mkaguzi alikuwa ameshampigia, hivyo habari za taulo alikuwa nazo, na alianza kuniambia kwamba mambo yamekwisha, kwamba Mama anaweza kurudi akitaka. Nikamfasiria Mama. Mama akainua kiganja.

"Mwambie bado hayajesha. Mwambie siku ya moto mie nilisema sijawasha. Mwambie nilisema nilikuwa natia udhu. Mwambie mwanangu hakuyasema hayo, alisema yake. Neno kwa neno."

Nimefasiri mambo mengi katika maisha yangu hapa, barua za bima, maneno ya madaktari, mara moja hukumu ya mahakama. Sijawahi kufasiri kitu kizito kama kile. Nilisema yote kwa Kiingereza. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyebadilisha maneno yake. Meneja alitazama kalamu yake, akasema pole kwa Mama, nami nikaifasiri hiyo pole.

Mama hakuniangalia. Alimgeukia mama Mkongo.

"Amesema sawasawa?"

"Exactement, Mama. Amesema yote. Hata ile mbaya yake mwenyewe."

Mama akaitikia kwa kichwa, akamshukuru yeye.